Ukimaliza gemu vizuri, zawadi ni mwanamke kuvuliwa nguo: kutoka Samus wa 1986 hadi Sheva "wetu"

#1 Binti_Kirumba

Wakuu, za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atarudi akiwa na kahawa.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu. Kaka yangu alikuwa nacho Kirumba, Mwanza. Alianza na TV nne za kichogo, baadaye akaongeza mbili bapa, na mimi nikitoka shule ndiye nilikaa mlangoni kukata muda na kupokea hela. Sheria ya kibanda mnaijua: anayefungwa analipa. Wateja wakipungua nilikuwa nashika pedi ya gemu, na kwa kuwa nilikaa pale kila siku, nikawa fundi kweli. Lakini sijawahi kumfunga mtu akasema "umenifunga". Nilichosikia ni "pedi mbovu hii, analogi inateleza", yaani kile kijiti cha kuelekezea. Tukibadilishana pedi, mara jua linampiga machoni.

Wale nimeshawasamehe. Leo nataka kuongelea wanawake waliokuwa ndani ya TV.

PS3 ilipofika kibandani, gemu iliyotikisa mtaa ni Resident Evil 5 ya Capcom, ya mwaka 2009. Watu walikuja kwa sababu moja tu: maadui wanaongea Kiswahili. Mambo yanatokea sehemu ya kubuni inayoitwa Kijuju, eti iko Afrika Magharibi, lakini walioambukizwa wanaitwa Majini na wanakukimbiza na mapanga huku wanapayuka Kiswahili. Jiografia yao waliisomea wapi sijui. Ila fikiria mtoto wa Kirumba anasikia lugha ya nyumbani kwao inatoka kwenye diski ya Wajapani.

Ile gemu wanaweza kucheza wawili, TV inagawanywa. Mmoja anakuwa Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono kama magogo, mwingine anakuwa Sheva Alomar, askari wa Kiafrika. Mimi nilipewa Sheva kila siku: "chukua demu mwenzio". Na nilimpenda. Ana shabaha, ana wepesi, anaongea kama mtu aliye kazini. (Ukicheza peke yako kompyuta ndiyo inamwendesha, hapo atakumalizia dawa zote kwa mkwaruzo mmoja. Hilo lawama ziende kwa waliomwandikia akili.)

Sasa kuna nembo 30 zimefichwa humo, unazitungua kwa risasi. Mimi na kijana mmoja wa jirani tulizisaka wiki mbili, usiku kaka akishafunga mahesabu. Nembo ya 30 ilipoanguka, kwenye orodha likafunguka vazi jipya la Sheva. Kesho yake tukaliweka mbele ya kibanda kizima. Ni sidiria na kichupi cha ngozi ya chui, na michoro ya rangi mwilini. Miluzi ilisikika mpaka barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa na pedi mkononi. Nilishikwa na aibu kana kwamba mimi ndiye niliyevuliwa, nikaiweka pedi chini nikasema naenda kuangalia muda wa TV namba tatu.

Na Chris je? Mavazi yake ya zawadi kwenye diski ile yalikuwa nguo za safari na sare yake ya zamani ya kazi.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikaja kujua habari za Samus Aran. Metroid ya Nintendo, 1986. Unacheza gemu nzima na mtu aliyefunikwa chuma kuanzia utosini, kila mtu anadhani ni dume. Ukiimaliza haraka, mwishoni anavua kofia na kumbe ni mwanamke. Watu wanaisifia sana hiyo, na mimi naisifia. Lakini angalieni vipimo: ukitumia chini ya saa 3, unamwona bila lile deraya. Ukitumia chini ya saa 1, amebaki na bikini. Yaani kadiri ulivyo fundi, ndivyo anavyopungukiwa nguo.

Kati ya 1986 na 2009 ni miaka 23. Kutoka vidoti vichache vya rangi mpaka PS3, na zawadi ya fundi ni ile ile. Nauliza: ninyi mliocheza, hasa wanawake mliomo humu mmejificha kwenye majina ya kiume, mlikuwa mnamwona nani mle ndani?

#2 Mzee_wa_Analogi

Siti ya mbele kabisa. Ila dada, kwa haki ya Mungu zile analogi zilikuwa zinateleza.

#3 Kobe_wa_Ilala

Hapa naona chai inachemka. Mleta mada, Zangief wa Street Fighter, ile gemu ya kupigana, amevaa chupi nyekundu tangu 1991, kifua wazi, miguu wazi. Mbona hatujaunda chama cha kumtetea? Wanaume wote kwenye gemu wana vifua kama milango ya benki. Mimi nina kitambi na sijawahi kulia. Tatizo la dada zetu kila kitu kinawaumiza.

#4 Binti_Kirumba

Kobe karibu, nilijua utakuja na Zangief.

Nionyeshe gemu ambayo unasaka nembo 30 usiku na mchana ili Zangief abaki na chupi. Haipo. Ile chupi ni sare yake ya mieleka, anapanda nayo ulingoni, na anayeiona anaomba asikamatwe. Wewe mwenye kitambi unamchagua kwa sababu kwa dakika mbili unataka kuwa na mwili ule. Ule mwili ni wako wewe uliyeshika pedi. Ngozi ya chui ya Sheva ilikuwa ya nani? Mimi niliyekuwa namchezesha haikuniongezea risasi hata moja. Ilikuwa ya wale waliosimama nyuma yangu.

#5 Jirani_Buruburu

Nawasalimia kutoka Nairobi. Mmemtaja Sheva mkamwacha dada yetu halisi, sasa acheni Mkenya aongee.

Kuna Elena. Alianza kwenye Street Fighter III, 1997, Capcom hao hao. Ukimchagua, bendera inayotokea ni ya Kenya. Mara ya kwanza kuona bendera yetu kwenye gemu, nilikuwa na miaka kumi na kitu, niliita ndugu zangu wote waje. Wakaja. Wakamwangalia. Ndugu yangu mkubwa akauliza, "Huyu ni wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nywele nyeupe pee, na si za uzee. Macho ya buluu. Bikini nyeupe, miguu peku, na shingoni, mikononi na miguuni amejaa pete za rangi kama mtalii aliyenunua kila kitu Maasai Market siku ya mwisho kabla ya ndege. Baba yake ni chifu, lazima, kwani Afrika kuna mtoto wa mwalimu? Na anapigana capoeira, mchezo wa Brazil. Kenya nzima, na mieleka tuliyo nayo, na mbio tulizo nazo, wakaona tuazime Brazil.

Lakini sasa nitasema kitu kitakachomfurahisha Kobe. Kumchezesha Elena ni raha. Hatumii ngumi kabisa, kila pigo ni mguu, hata kumtupa mtu anamtupa kwa miguu. Miguu yenyewe mirefu, inamfikia mtu kabla hajajua. Waliompa mwendo waliipenda kazi yao, hata akisimama tu anacheza kama anasikia ngoma. Dada yangu mdogo alikuwa hachagui mwingine. Yeye ile bikini hakuiona, au kama aliiona hakuniambia. Alichoona ni mtu mrefu mweusi ambaye hakuna anayemkaribia, na yeye alikuwa mrefu kuliko wavulana wote darasani, wanamwita mlingoti.

Kwa hivyo mimi nakwama hapo katikati. Walimchora vibaya wakamchezesha vizuri. Alirudi kwenye Ultra Street Fighter IV mwaka 2014, na 2025 akaingia Street Fighter 6. Anasafiri dunia nzima na bado hajapita hata soko la Gikomba kununua suruali.

#6 Kobe_wa_Ilala

Hapo kwa Gikomba nimecheka, sikatai.

#7 Msusi_Sinza

Mimi gemu sijui sana, nimevutwa na hizo nywele nyeupe.

Kuna binti wa mteja wangu, darasa la saba, akija na mama yake saluni anakaa na simu kubwa anatengeneza mtu wake. Siku moja nikamwinamia nione. Mama yake nilikuwa namsuka twende kilioni, kazi ya saa tatu. Mtoto akafungua sehemu ya nywele: za kunyooka ziko kama 20, za mawimbi zimejaa, halafu kwetu kuna afro moja kama mpira, na misuko mmoja ambao mistari yake haifuati kichwa, imebandikwa juu kama mkeka. Akapitia weee, mwisho akachagua nywele ndefu za kunyooka. Halafu, na hili ndilo lililonikaa, akarudi kwenye ngozi akaifanya nyeupe kidogo. Nikamuuliza kwa nini unambadilisha rangi? Akanijibu bila hata kuinua macho: "Haiendani na nywele."

Mtoto hakuchukia rangi yake. Alikuwa anapanga mtu apendeze, na vifaa alivyopewa vinapendeza upande mmoja.

#8 Jirani_Buruburu

Msusi umepiga ndipo. The Sims 4, gemu ya kutengeneza watu na maisha yao, ilitoka 2014, na mpaka Desemba 2020 ndipo wakaongeza rangi za ngozi zaidi ya 100, baada ya watu weusi kupiga kelele miaka kwamba ngozi nyeusi zao zilikuwa zinatoka kijivu kama majivu. Kabla ya hapo wachezaji wenyewe walikuwa wanatengeneza ngozi na misuko na kugawiana mitandaoni. Wengi wao wanawake.

#9 Mzee_wa_Kaseti

Vijana, nina miaka hamsini na kitu, niruhusuni niwapeleke nyuma kidogo.

Kuna gemu ya kale inaitwa River Raid, 1982. Unarusha ndege juu ya mto, unapiga meli na helikopta, unapita juu ya matangi kujaza mafuta. Binamu yangu aliyetoka masomoni ng'ambo alirudi nayo na mashine yake ya Atari, tukaharibu nayo likizo nzima. Ile ndege, ule mto unaobana na kupanuka, vyote kazi ya mwanamke, Carol Shaw. Centipede ya 1981, ya kupiga tandu, mmoja wa watunzi wake wawili ni Dona Bailey. Roberta Williams alitoa Mystery House mwaka 1980. Wanawake walikuwepo jikoni tangu sufuria inabandikwa. Tatizo ni kilichopakuliwa sahani zilipofika mezani. Ms. Pac-Man, kwa mfano: wanamchukua Pac-Man, yule duara wa njano, wanamfunga utepe kichwani, wanampaka midomo rangi, basi amekuwa mwanamke. Na nasikitika kusema gemu yenyewe ni nzuri kuliko ya mumewe.

Kuhusu hiyo zawadi ya kuvuliwa, mleta mada umemsahau Lara Croft. Gemu yake, Tomb Raider, ilitoka 1996, ya kampuni ya Derby, Uingereza. Mara tu uvumi ukaenea kwamba kuna namna ya kubonyeza vitufe Lara akabaki mtupu. Hakuna kitu kama hicho. Vijana walibonyeza mpaka vidole vikaota sugu. Wengine wakajitengenezea wenyewe kwa kompyuta, mpaka wanasheria wakaingia kati. Sasa Tomb Raider II, 1997, ukishamaliza kila kitu unamwona Lara nyumbani amevaa gauni la kuogea, anakaribia bafu. Watu wamesogeza viti. Anakugeukia wewe unayemtazama, anakuuliza huoni kwamba umeona vya kutosha, halafu anainua bunduki anaifyatua kwenye kioo. Giza. Mwisho.

Nilikuwa na rafiki yangu siku hiyo, jamaa alishtuka akarudi nyuma na kiti chake.

#10 Binti_Kirumba

Mzee, shikamoo. Hiyo ya bunduki nilikuwa siijui. Nimeitafuta nimeiangalia mara nne.

Ila ona walivyokula huku na huku: wamemwandalia bafu, wamemvalisha gauni, wamekusogeza kiti, ndiyo wakakufyatulia.

#11 Mzee_wa_Kaseti

Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, nilikuwa sijaiona hivyo.

#12 Kobe_wa_Ilala

Haya, nitakiri kitu na mkinicheka nafuta akaunti.

The Last of Us Part II, 2020. Nusu ya kwanza unacheza na Ellie, halafu wanakugeuzia, unacheza na Abby. Abby ana mabega na mikono kuliko mimi na shemeji zangu wote. Mimi niliizima. Nikawaambia watu nimeacha kwa sababu ya hadithi, kwa kile Abby alichomfanya Joel, yule mzee aliyemlea Ellie. Ukweli ni kwamba ile mikono ilinikera. Nilikuwa naiangalia nasema hakuna mwanamke wa hivi. Baadaye nikasoma kwamba mwili ule waliuchukua kwa mwanamke halisi, mwanamichezo wa CrossFit, Colleen Fotsch. Nikamtafuta. Yupo, anainua vyuma, mabega ni yale yale.

Kwa hiyo Zangief kwangu sawa, Abby hapana. Nimejiuliza kwa nini, jibu silipendi.

#13 Mzee_wa_Analogi

Kobe wewe ulizima tu. Wapo waliomtumia Laura Bailey, yule aliyetoa sauti ya Abby, vitisho vya kumuua, na wakamtaja mpaka mtoto wake. Alikuwa mwigizaji, kazi yake kusoma alichoandikiwa. Na nyuma zaidi, 2012, Anita Sarkeesian aliomba watu wamchangie dola 6,000 atengeneze video za kuchambua wanawake wanavyochorwa kwenye gemu. Matusi aliyomwagiwa yakawafanya watu wachange zaidi ya dola 158,000. Mwaka 2014 alikuwa aongee chuo kimoja jimbo la Utah, ikaja barua pepe ya kutishia kuua watu, na sheria ya kule haikuruhusu polisi kuwazuia wenye silaha mlangoni. Akaghairi. Mhadhara wa gemu, wakuu. Gemu.

#14 Mama_Nuru

Assalaam aleykum. Natokea Tanga. Nasoma humu tangu jana, sijaona aliyejibu la mzazi. Mwanangu wa kike ana miaka tisa, ameshawishika na gemu za kaka zake, na mimi simkatazi, maana nikimkataza atacheza kwa jirani. Hizi nguo mnazozisema sizitaki nyumbani kwangu, sitazunguka. Lakini pia sitaki awe wa kukaa pembeni anawapelekea juisi wenzake wanaocheza. Amtazame nani?

#15 Binti_Kirumba

Waaleykum salaam, Mama Nuru. Swali lako ni zuri kuliko uzi wangu.

Nguo kwanza. Kuna Aloy wa Horizon Zero Dawn, 2017: amevaa manyoya na ngozi, ni mwindaji, anatungua mashine kubwa kama tembo kwa upinde, na hakuna anayemvua. Kwa miaka tisa bado, ngojea akue kidogo.

Kwa sasa muwekee mpira. FIFA 16, ya mwaka 2015, ndiyo ya kwanza katika mfululizo wa FIFA kuwa na timu za wanawake, 12, zote za taifa. Siku kaka alipoiingiza kibandani nilizipitia zote: Marekani, Ujerumani, Ufaransa, Brazil, China... Hakuna ya Afrika hata moja. Mwaka huo huo Nigeria, Kameruni na Ivory Coast walikuwa Kombe la Dunia Canada. Nikacheza na Brazil kwa kuwa ndiyo iliyokaribia rangi yetu. Leo hali si ile: FC 25 (mfululizo ule ule wa FIFA, umebadilishwa jina) ukifungua ligi ya wanawake ya Marekani unamkuta Temwa Chawinga wa Malawi, aliyefunga mabao 20 msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa ligi, na Barbra Banda wa Zambia. Malawi, Mama Nuru. Ziwa moja na sisi.

#16 Jirani_Buruburu

Na mtu wa kushika pedi mwenyewe msimsahau: Sylvia Gathoni, anajulikana kama Queen Arrow, mchezaji wa Tekken, gemu nyingine ya kupigana. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu moja ya gemu ya Marekani, UYU, Mkenya mwanamke wa kwanza kusajiliwa hivyo, na wakati huo alikuwa anasoma sheria chuoni. Dada yangu mlingoti alipomwona kwenye habari hakusema kitu kuhusu nguo wala nywele. Aliuliza anafanya mazoezi saa ngapi na kama mama yake anajua.

#17 Mama_Nuru

Ahsanteni wanangu. Kuhusu mama yake kujua, hilo nimelipenda zaidi.

#18 Msusi_Sinza

Nikirudi kwa yule binti. Jana wamekuja tena. Nimemwomba simu, nikamwambia nionyeshe pa kuchora, kuna gemu wanakuruhusu uchore mwenyewe. Tumekaa tukachora twende kilioni kwa kidole, mistari sita, mimi naelekeza yeye anachora. Imetoka mbaya sana. Ngozi hakuigusa.

#19 Binti_Kirumba

Nafunga na hili kabla simu haijazima.

Kibanda cha kaka bado kipo, sasa anakiendesha mwanawe. Jumamosi nilipita na binti wa dada yangu, miaka 11. Akakaa na kijana mmoja wa kidato cha pili, Street Fighter. Mtoto kapitisha kidole juu ya wahusika wote, kamchagua Elena. Nikanyamaza. Kijana akapigwa mateke mizunguko miwili. Akaishika pedi akaigeuza akasema hii mbovu. Mtoto akampa ya kwake, akapokea ile mbovu, akampiga tena.

Kalipa mia tano.

#20 Mzee_wa_Analogi

Kibanda kiko Kirumba sehemu gani? Naja mwezi ujao kikazi.

#21 Binti_Kirumba

Njoo na pedi yako.